Arishi ya Mtume (S.A.W.): Kivuli Kwanza, Mapambo Baadaye

TAHARIRI

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu Waislamu, katika masika yaliyopita tulialikwa kwenye msikiti mmoja wa pwani kuhudhuria hafla ya kuchangisha fedha baada ya sala ya Adhuhuri. Msikiti wenyewe ni mzuri. Kuta zake zina vigae mpaka usawa wa madirisha, zulia lake ni jipya, na mapangaboi yake hayana hesabu. Kilichokusudiwa kununuliwa ni taa kubwa ya vioo, ya kuning'inizwa katikati ya kuba. Tulipewa nafasi ya kuzungumza, nasi tukazungumza. Tulitaja fadhila za mwenye kujenga msikiti kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nyoyo zikalainika, watu wakatoa. Akina mama walivua bangili mikononi. Kabla ya Alasiri, fedha ya taa ilikuwa imetimia.

Tulipotoka kwenda kutawadha, tulipita nyuma ya msikiti, na huko tukaliona banda la madrasa limelala chini. Mvua ya usiku wa kuamkia Jumatatu ndiyo iliyoliangusha. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, mwamba umekatika katikati, na makuti yamegeuka meusi kwa kuoza. Watoto wapatao sitini walikuwa wameketi chini ya mwembe, juzuu zao mapajani, na ustadhi wao akiyahamisha majamvi kila kivuli kilipohama. Tulimuuliza banda litajengwa lini. Alijibu kwa adabu kwamba kamati imemtaka awe na subira, kwani kwa sasa nguvu zote zimeelekezwa kwenye taa.

Alikuwapo hapo mzee mmoja, fundi wa kuezeka, akichambua makuti yaliyofaa kutumika tena. Alitusalimia, kisha akasema: "Mashekhe wangu, mmesema maneno mazuri sana leo. Lakini huyo Bwana Mtume mliyemtaja, msikiti wake si ulikuwa banda kama hili?"

Hatukuwa na jawabu la haraka. Tahariri hii ndiyo jawabu letu, na anayeambiwa kwanza ni sisi wenyewe tulioshika kipaza sauti siku ile.

NENO "ARISHI"

Waarabu huita arishi kila kilichoinuliwa ili kutoa kivuli: nguzo zilizosimamishwa, miti iliyolazwa juu ya nguzo hizo, na makuti ya mtende yaliyotandazwa juu ya miti. Asili ya neno hili ni herufi tatu, ain, ra na shin, nayo hubeba maana ya kuinua na kuezeka. Ar-Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake cha kufasiri maneno ya Qur'ani, ameeleza kwamba arshi kwa asili ni kitu chenye paa.

Qur'ani Tukufu imelitumia neno la asili hii mahali pengi. Katika Suratul-An'am, aya ya 141, zimetajwa bustani zinazotambazwa juu ya chanja na zile zisizotambazwa. Katika Suratun-Nahl, aya ya 68, nyuki amefunuliwa afanye makazi yake milimani, mitini na katika yale wanayoyainua wanaadamu. Katika Suratul-Hajj, aya ya 45, miji iliyodhulumu imeelezwa kuwa imeanguka juu ya mapaa yake. Na kutokana na asili hiyo hiyo ndipo linapopatikana jina la Arshi ya Mwenyezi Mungu, ambayo tunaiamini kama ilivyothibiti, bila ya kuifananisha na chochote cha viumbe.

Mtu aliyekulia pwani hatashindwa kuiona arishi kwa macho ya moyo, kwa kuwa anajua banda la makuti linavyosimama. Nguzo huchimbiwa ardhini. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, na juu kabisa hupita mwamba. Kutoka kwenye mwamba huteremka makombamoyo, na juu ya makombamoyo hufungwa fito kwa kamba. Kisha makuti hupangwa kuanzia chini kwenda juu, ili kila safu ifunike kichwa cha safu iliyo chini yake, na maji yateremke bila ya kupenya. Tofauti iliyopo ni kwamba sisi huezeka kwa makuti ya mnazi yaliyosukwa, na watu wa Madina waliezeka kwa jaridi, yaani pongoo za makuti ya mtende. Paa lao lilikuwa kinga ya jua kuliko kinga ya mvua, na jambo hili lina kisa chake, tutakachokieleza.

MSIKITI ULIVYOJENGWA

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina katika mwaka wa 1 wa Hijra, sawa na mwaka 622 M, jambo la mwanzo alilolishughulikia lilikuwa msikiti. Kiwanja kilikuwa mali ya mayatima wawili wa Banu Najjar, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, naye hakukubali mpaka alipokinunua kwa thamani yake. Tuanze kuzingatia hapa, kabla hata nguzo moja haijasimama: msikiti wa Mtume haukujengwa kwa kumpunguzia yatima haki yake, japo yatima mwenyewe ameridhia.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, kwamba mahali pale palikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yalifukuliwa, magofu yakasawazishwa, na mitende ikakatwa, magogo yake yakapangwa upande wa kibla. Mti uliokuwa ukisimama kiwanjani ndio uliofanywa sehemu ya jengo. Mtume (S.A.W.) alibeba matofali pamoja na Masahaba wake. Ammar bin Yasir (R.A.) alikuwa akibeba matofali mawili mawili pale wenziwe walipobeba moja moja. Na alipokuja Talq bin Ali (R.A.) kutoka Yamama, mtu aliyejua kukanda udongo, Mtume (S.A.W.) aliagiza aachiwe kazi hiyo kwa kuwa yeye ni hodari wake. Fundi alipewa nafasi yake, na ufundi wake ukahesabiwa kuwa ni utumishi wa dini.

Sifa ya jengo lenyewe tumeipata kwa Abdullah bin Umar (R.A.), pia katika Bukhari: kuta za matofali ya udongo usiochomwa, paa la jaridi, na nguzo za magogo ya mitende. Basi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubu huku ameegemea moja ya magogo hayo. Siku alipotengenezewa mimbari akalihama gogo lile, watu wakalisikia likilia kwa sauti kama ya ngamia mwenye mimba, mpaka akateremka akaliwekea mkono, likatulia. Gogo la mtende, lisilo nakshi wala rangi, liliulilia utajo wa Mwenyezi Mungu lililokuwa likiusikia. Ni nguzo ngapi za marumaru katika zama zetu zinazosikia utajo wa kutosha hata zikajua kuukosa?

Imepokewa vilevile, kwa njia ya al-Hasan al-Basri na wengineo, kwamba Mtume (S.A.W.) aliposhauriwa kulitengeneza jengo hilo zaidi alitaka libaki arishi mfano wa arishi ya Nabii Musa (A.S.). Riwaya ya al-Hasan haikuunganika mpaka kwa Mtume, lakini wapo wanachuoni wa hadithi, akiwemo Sheikh Muhammad Nasiruddin al-Albani, walioipa nguvu kwa kuzikusanya njia zake. Hata tukiiacha kando, kitendo chenyewe kinatosha kuwa ushahidi. Msikiti ulipanuliwa baada ya Khaybar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, na Mtume (S.A.W.) akafariki ukiwa bado una paa la makuti.

USIKU PAA LILIPOVUJA

Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), waliyoiafiki Bukhari na Muslim, inatueleza kuhusu Ramadhani moja ambayo Mtume (S.A.W.) alikaa itikafu. Aliwajulisha Masahaba kwamba ameonyeshwa Laylatul-Qadri kisha akasahaulishwa, na kwamba amejiona akisujudu katika maji na tope. Mbinguni hapakuwa na wingu. Kisha likaja wingu, ikanyesha mvua, na kwa kuwa msikiti ulikuwa juu ya arishi, paa likavuja. Asubuhi ya tarehe 21 Abu Said aliyaona kwa macho yake mawili maji na tope juu ya paji la uso na ncha ya pua ya Mtume (S.A.W.).

Ndugu zetu, usiku ulio bora kuliko miezi elfu uliwakuta viumbe bora katika umma huu wakiwa chini ya paa linalovuja. Hatusemi hivi ili tusifu kuvuja kwa paa. Maji yanapoingia msikitini ni dhara, na dhara huondolewa. Tunasema hivi ili tujue kwamba paa halikuwa kipimo cha ibada ile. Kipimo kilikuwa paji la uso lililogusa ardhi.

Na arishi ilikuwapo pia siku ya Badr, tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra. Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alishauri Mtume (S.A.W.) ajengewe arishi, ikajengwa, akaingia yeye na Abu Bakr (R.A.). Humo alielekea kibla, akanyoosha mikono, akamuomba Mola wake mpaka kishali kikamporomoka mabegani. Makuti yale hayakuwa na thamani sokoni, lakini chini yake iliombwa dua ambayo umma mzima umesimama kwa baraka zake.

SUFFA: KIVULI CHA WANAFUNZI

Sehemu ya habari hii ambayo husahaulika sana ni suffa. Kibla kilipogeuzwa kutoka Baytul-Maqdis kwenda Makka, baada ya miezi kumi na sita au kumi na saba kama alivyosimulia al-Baraa (R.A.), upande wa nyuma wa msikiti ukabaki na sehemu yenye paa. Hapo walikaa mafukara wa Muhajirina, watu wasio na jamaa wala mali. Walilala hapo, walikula hapo, na walisoma hapo. Abu Huraira (R.A.) amesema, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba aliwaona watu sabini katika watu wa suffa, hakuna hata mmoja mwenye shuka ya juu. Kila mmoja alikuwa na kikoi tu au nguo aliyoifunga shingoni, akiikusanya kwa mkono isimwache uchi.

Abu Huraira mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hadithi alizozipokea, kwa hesabu iliyo mashuhuri, ni 5,374. Lau kivuli kile cha makuti kisingekuwapo, au lau mahali pale pangefungwa ili sura ya msikiti isiharibiwe na mafukara, ni kiasi gani cha dini hii kingetupita? Nguzo na makuti yale yalikuwa msikiti kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili yalikuwa madrasa, bweni na nyumba ya wageni. Mtume (S.A.W.) hakuona kwamba kuwafunika wanafunzi ni jambo la baada ya msikiti kukamilika. Kuwafunika kulikuwa sehemu ya msikiti wenyewe.

WALIVYOFAHAMU WALIOTUTANGULIA

Huenda msomaji akasema: je, mnatutaka turudi kwenye makuti? Hapana. Dini haikuamrisha makuti, na insafu inatupasa tuyataje yote yaliyopokewa.

Ibn Umar (R.A.) anaendelea kusimulia kwamba Abu Bakr hakuongeza kitu. Umar aliupanua msikiti, nao ni katika mwaka wa 17 wa Hijra, lakini aliujenga kwa namna ile ile ya zamani: matofali ya udongo, jaridi na nguzo za miti. Kisha Uthman, mwaka wa 29, akaubadilisha: kuta na nguzo za mawe yaliyochongwa, chokaa, na paa la msaji. Masahaba wengine hawakupendezewa, naye akawajibu kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu malipo ya mwenye kujenga msikiti kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu. Uthman (R.A.) ni khalifa mwongofu, na jiwe lake ni hoja ya kwamba uimara si bid'a.

Lakini tutazame Umar alitoa kipimo gani. Bukhari amenukuu kwamba alipoamuru kujengwa msikiti aliagiza watu wakingwe na mvua, na akatahadharisha kutia rangi nyekundu na njano zisije zikawafitini watu. Haya aliyasema mtu ambaye hazina za Kisra zilikuwa zimemfikia mikononi. Ibn Battal, kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar katika Fat-hul-Bari, ameeleza kwamba Umar, pamoja na wingi wa ushindi na mali katika zama zake, hakuubadilisha msikiti ulivyokuwa. Aliuhuisha tu kwa sababu makuti ya paa yalikuwa yameoza. Ibn Hajar ametaja pia kwamba wa kwanza kuipamba misikiti ni al-Walid bin Abdul-Malik, mwishoni mwa zama za Masahaba, na kwamba wengi katika wanachuoni walinyamaza kwa kuchelea fitina.

Hoja ya wanaopendelea mapambo nayo inastahiki kusikilizwa. Ibnul-Munayyir alisema kwamba watu walipozipamba nyumba zao ilifaa misikiti nayo ifanywe hivyo ili isidharauliwe. Akajibiwa kwamba, ikiwa katazo limekuja kwa ajili ya kuwafuata wema waliotangulia katika kuacha anasa, basi kauli yake ina nafasi. Lakini ikiwa katazo ni kwa kuchelea moyo wa mwenye kusali usishughulishwe, basi sababu bado ipo pale pale. Naye Imamu Abu Hanifa imenukuliwa kwamba aliruhusu mapambo yakiwa ni kwa kuitukuza misikiti, kwa sharti kwamba fedha yake isitoke katika Baytul-Mali.

Ndugu zetu, sharti hili la Imamu Abu Hanifa tulizingatie sana. Tajiri akitoa taa katika mali yake mwenyewe, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini mfuko wa jamaa, ambao ndani yake imo shilingi ya mchuuzi wa samaki na bangili ya mjane, hautanguliziwi pambo ilhali ipo haja. Na haja ya mtoto anayejifunza Suratul-Fatiha juani haihitaji fatwa ya kuithibitisha.

PWANI YETU NAYO ILIANZIA HAPO

Wala habari ya makuti si ngeni kwa babu zetu. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta, chini ya msikiti wa mawe, mashimo ya nguzo za miti za misikiti midogo iliyoutangulia. Wa zamani kabisa katika hiyo unakadiriwa kuwa wa karne ya 8 M. Kwa hiyo Uislamu katika pwani hii ulisujudu kwanza chini ya miti na makuti, na jiwe lilikuja baadaye, watu walipokuwa wengi na haja ilipokuwa kubwa. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 M, ni wa jiwe, nao ni fahari yetu. Lakini hatukuirithi dini kutokana na jiwe lile. Tuliirithi kwa mwalimu aliyekaa na mtoto, kizazi baada ya kizazi, mara nyingi chini ya banda.

Na leo hii, atakayezuru Madina ataona katika viwanja vinavyouzunguka Msikiti wa Mtume miavuli mikubwa ipatayo 250, inayofunguliwa kuwakinga watu na jua. Ni chuma na kitambaa, tena ni ghali. Lakini kazi yake ni ile ile ya jaridi: mja asimame mbele ya Mola wake bila ya kuunguzwa kichwa. Nyenzo imebadilika, na lengo limebaki. Hatuna ugomvi na nyenzo. Ugomvi wetu ni pale lengo linapoachwa na nyenzo ikawa ndiyo inayosherehekewa.

MANENO YETU KWA NAFSI ZETU

Sisi watu wa islahi tumezoea kuwakemea wengine. Tumewakemea wanaojengea makaburi na kuyapamba, na wanaotumia fedha nyingi katika mambo ambayo hayakuthibiti, na hatujutii kukemea yale yaliyostahiki. Lakini tujiulize: ni mara ngapi tumeinua mnara wa pili si kwa sababu adhana haisikiki, bali kwa sababu msikiti wa mtaa wa pili una minara miwili? Anas (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.), katika riwaya ya Abu Daud, kwamba miongoni mwa alama za Kiyama ni watu kufakhiriana kwa misikiti. Hadithi haikusema kwamba watakaofakhiriana ni wa kundi fulani. Inatuingiza sisi kama inavyowaingiza wengine, na sisi tunaoisoma minbarini ndio wenye udhuru mdogo zaidi.

Siku ile, baada ya sala ya Magharibi, tuliiomba kamati ruhusa, tukasimama tena. Tuliwaambia watu kwamba mchana tuliwaeleza nusu ya jambo, kisha tukawaeleza nusu iliyobaki. Fedha ya taa hatukuigusa, kwa kuwa mali iliyotolewa kwa kusudio maalumu haihamishwi kwa matamanio ya msemaji. Wengi walikuwa wamekwisha kutoa walichonacho, na wengine walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kilichopatikana kilitosha nguzo, fito na makuti tu. Fundi yule alikataa ujira, akataka tu vijana wa kumsaidia kubeba. Banda likasimama kabla ya Ijumaa.

Taa nayo sasa inaning'inia, na kwa hakika inapendeza. Ustadhi bado analipwa posho yake kwa kuchelewa. Hatuwezi kusema kwamba kisa kimeisha vizuri, wala hatutaki kukipamba.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti, na sisi tukiwemo, mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuchangisha kwa ajili ya pambo lolote, wajumbe wauzunguke msikiti kwa miguu yao, mbele na nyuma. Waangalie paa la madrasa, vyoo, maji ya kutawadhia na mahali pa kinamama. Palipo na haja, haja itangulie.

Pili, wanaochangishwa waelezwe mahitaji yote kwa mpangilio wake, kisha wachague. Mtoaji asiyejua kwamba kuna watoto juani hakupewa nafasi ya kuwahurumia.

Tatu, mwalimu wa madrasa ahesabiwe kuwa ni nguzo ya msikiti. Nguzo ya jengo ikiliwa na mchwa tunaibadilisha upesi kwa kuhofia paa. Mwalimu akiliwa na madeni tunamwambia asubiri, na paa linaloanguka hapo ni kubwa zaidi.

Nne, sisi tunaoalikwa kuzungumza tusikubali kushika kipaza sauti mpaka tumeuliza: watoto wanasomea wapi?

Hakuna katika haya linalohitaji fedha za kigeni wala kungoja wafadhili. Arishi ya Mtume (S.A.W.) ilisimama kwa mitende iliyokatwa pale pale, kwa udongo uliokandwa na mtu anayejua kuukanda, na kwa mabega ya waumini wenyewe. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tawba, aya ya 18, amewataja wanaoiamirisha misikiti yake kwa imani yao, sala yao, zaka yao na kutomcha yeyote ila Yeye. Hakuwataja kwa vigae vyao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie misikiti yetu kuwa na kivuli kabla ya kuwa na mapambo, awalipe kheri mafundi wanaoezeka bila ya kutajwa majina, awape subira na wasaa walimu wa watoto wetu, na atusamehe sisi kwa siku tuliyoyasema mazuri tukayaacha yaliyo muhimu. Na atutie katika kivuli chake Siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Amin.

Wabillahit-tawfiq.